Nilisema Nilifunga, Sasa Rafiki Yangu Anafunga

Kwako Senje Nabwire, shangazi yetu wa gazetini,

Mimi husoma ukurasa wako kila Ijumaa kabla hata ya kusoma matangazo ya waliofariki, na leo ni zamu yangu kusomwa, kwa hivyo nakuomba unishike mkono na uniambie ukweli hata kama utauma, maana hapa nilipofika siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Nina miaka arobaini na mmoja, kwetu ni Kimilili lakini tumekaa Eldoret miaka kumi na sita, nyumba yetu iko Yamumbi, mimi nauza dawa za mifugo katika duka moja mjini na mume wangu Lawrence ni karani wa wakili. Mwaka juzi nilikuwa na kilo mia moja thelathini na moja, Senje, na sukari, na presha, na magoti yaliyokuwa yakilia kabla mimi mwenyewe sijalia, na nikipanda ngazi za jengo lolote nilikuwa nasimama katikati najifanya natafuta simu kwa mkoba ili nipate kupumua. Usifikiri sikujaribu. Nilikunywa ndimu na maji moto mpaka meno yakaingia ganzi, nilitembea asubuhi na kina mama wa mtaa tukaishia kununua mandazi, na ugali niliuacha mara nyingi, mara nyingine hata kutoka asubuhi mpaka saa saba.

Mwishowe daktari wa sukari akanituma kwa wenzake Nairobi, wakanipima, wakanishauri miezi kadhaa, wakanifanyia upasuaji wa tumbo. Walivyonieleza ni hivi: mfuko wa tumbo waliugawa wakabakisha sehemu ya juu, ndogo kama yai, wakaiunganisha na utumbo huko mbele, na ile sehemu kubwa iliyobaki wakaifunga kabisa chakula kisipite tena. Watu tuliwaambia nimeenda Nakuru kumuuguza dada yangu aliyejifungua. Nilificha kwa sababu nawajua watu, wakisikia umekatwa tumbo ndio upungue, mmoja atasema ni uvivu, mwingine atasema ni majivuno, na mama mkwe angesema mtoto wake ameoa mtu ambaye hatamaliza tena kuku wake, na hilo la kuku lingekuwa kweli, maana siku hizi matonge matatu ya ugali na kipande cha nyama kilichotafunwa mpaka kikasahau kilikuwa mnyama, mimi nimeshiba.

Senje, nilipungua. Leo nina kilo sabini na tisa. Na jambo lililonishangaza zaidi si kilo, ni sukari, kwa sababu wiki ya pili tu, nguo hazijaanza hata kulegea, daktari alipima damu akaniondolea zile dawa za sukari nilizokunywa miaka sita. Lakini mtaa nao una macho, walianza kusema nimepata ule ugonjwa, na siku moja mteja aliniona dukani nikimeza vitamini zangu, basi habari ikafika Yamumbi kabla yangu.

Sasa ingia kanisani uone nilivyojichimbia shimo. Mwezi wa pili tulikuwa na mkutano wa kina mama, chai imeandaliwa, na mwenyekiti wetu Emmaculate, mtu mwema asiyejua kuzunguka, akaniambia mbele ya wote, "Nelima, hebu tuambie leo. Watu wanasema mambo mengi, na sisi tunaona tu unaendelea kupendeza. Siri ni gani?"

Wote wakanigeukia, vijiko mkononi. Nilikuwa nataka kusema walinifunga tumbo, Mungu ni shahidi, neno lilikuwa njiani linakuja, lakini nilivyoyaona yale macho lilitoka kabla halijavaa. Nikasema, "Mimi nilifunga tu."

Kina mama wakasema amina kwa sauti moja.

Hapo ningerekebisha, najua, lakini Emmaculate alikuwa tayari na daftari. "Siku ngapi?" Nikasema yenyewe ilikuwa siku moja, lakini bado naendelea nayo. "Kavu, ama na maji?" Nikasema wiki mbili za kwanza ilikuwa ni maji na supu, tena kidogo kidogo. "Na chakula?" Kwanza kilichopondwa, kigumu nilionja mwezi wa pili. "Na ile sukari yako?" Iliisha wiki ya pili. Senje, hakuna hata neno moja hapo la uongo, na kila nilipojibu walikuwa wanaitikia amina, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kusikia kama kweli nilifunga.

Wiki iliyofuata programu ikaja kwa WhatsApp ya kina mama, imeandikwa Mfungo wa Nelima, maji na supu wiki mbili, na wamejiandikisha watu ishirini na sita. Kilele chake ni tarehe kumi na tisa mwezi huu, tunaenda msituni Kaptagat siku tatu za kufunga kavu, bila chakula na bila maji, na anayeongoza ni mimi. Mimi ambaye siwezi kunywa glasi ya maji mara moja ikapita, lazima ninywe funda baada ya funda kutwa nzima, nikisahau nusu siku kichwa kinazunguka.

Lakini hilo la Kaptagat silo lililonifanya nishike kalamu. Ni Leonida, Mama Marvin. Yeye ni jirani yangu na ndiye fundi wangu wa nguo, amenipunguzia magauni mara nne na hajawahi kuniuliza swali moja, ananizungusha tu na tepu yake anasema "dada, leo tumetoa inchi mbili," anafurahi utafikiri ni kiuno chake. Yeye ana sukari mwaka wa tisa sasa. Alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Jumatano iliyopita tulikuwa kwa mazoezi ya kwaya, yeye ndiye anatuanzishia wimbo, na nikasikia ameimba maneno ya ubeti wa pili mahali pa ubeti wa tatu, halafu akaanza kuimba kitu ambacho si ubeti wowote. Nikamwangalia. Jasho linamtiririka na mkono ukiushika ni baridi. Lile jasho nalijua, Senje, kwa sababu hata mimi nikiteleza nikanywa chai ya sukari kwa nyumba ya watu, mwili hufanya karibu hivyo, jasho, moyo mbio, na kutafuta choo kwa haraka. Nikamvuta chumba cha nyuma, nikapata soda ya watoto wa Sunday school, nikamnywesha. Huko nje kwaya walikuwa wanapiga makofi wakisema Roho ameshuka.

Baada ya kama dakika kumi akarudi kuwa Leonida. Akaangalia ile chupa, akanishika mkono, akaniambia polepole, "Dada, tafadhali, usimwambie mtu nimevunja mfungo."

Nikamuuliza kama anameza dawa za sukari. Akasema anameza kila asubuhi, na hali kitu. Nikamwambia aache kufunga. Akacheka kidogo, akasema, "Hapana, tutafanya hivi. Hizi dawa ndizo nitaacha. Kwani wewe si uliacha wiki ya pili?"

Nikairudisha ile chupa tupu kwa kreti, tukarudi kwenye kwaya.

Nilimwambia Lawrence usiku huo nikilia, na yeye kwa sababu ya kazi yake akaniambia nipitie maneno yangu moja baada ya lingine, halafu akasema, "Kwa maneno yalivyo, hujadanganya mtu. Ulisema ulifunga, na tumbo limefungwa. Hiyo ya Kaptagat utasema umeitwa kazini." Nilitulia mpaka asubuhi, nilipompitia Leonida mlangoni, ameketi kwa cherehani, midomo imekauka, ananitabasamia.

Senje, ni uongo kama kila neno ni kweli? Na nitamzuiaje Leonida bila kufunua tumbo langu mbele ya kina mama ishirini na sita? Namba yangu ya simu nimeandika nyuma ya karatasi, lakini hiyo usiichapishe.

Ni mimi,
Mwenye Tumbo la Yai, Yamumbi

*

Senje Nabwire anajibu:

Binti yangu, barua yako ilinifikia Jumatatu asubuhi na gazeti hutoka Ijumaa. Ya Kaptagat yana muda. Ya Leonida hayana, na wewe unayeuza dawa za mifugo unajua kwamba ng'ombe akianguka huandiki barua. Ndiyo maana nilikupigia simu kabla sijamaliza chai yangu, kitu nisichokuwa na desturi ya kufanya. Majina nimeyabadilisha, ruhusa umenipa, na haya ninayoandika ni yale niliyokuambia, pamoja na mengine niliyoyasahau kwa sababu nilikuwa na hasira.

Tuanze na Lawrence. Inaonekana ni mume mzuri, alikaa na siri yako na hakukucheka, mshukuru. Lakini kwa jambo hili mwambie aache faili za wakili huko huko ofisini. Uongo haupimwi kwa neno lililotoka mdomoni, unapimwa kwa neno lililoingia sikioni, na wewe ulikuwa umeketi pale na kikombe chako ukiliona likiingia. Kufunga na kufungwa vimetenganishwa na herufi moja tu. Wewe uliimeza ile w, na kwa tumbo dogo hivyo sijui ulipata wapi nafasi.

Nimekugombeza, sasa nikupe pole yako. Kwenda kwa daktari hukukosea. Anayesema upasuaji huo ni uvivu, mpe yeye wiki mbili za supu ya kijiko, na vitamini za kumeza maisha yake yote, na ugali wa matonge matatu mbele ya mama mkwe anayemtazama, halafu aje tuongee kuhusu uvivu. Hata hofu yako naielewa. Sisi watu wa magharibi tunampima mgeni kwa alichobakisha kwenye sahani, na mwanamke akikonda tunamtafutia ugonjwa kabla ya kumtafutia kiti. Ulikuwa na haki ya kunyamaza. Ungesema, "Emmaculate, hayo ni mambo yangu na daktari wangu," ukaendelea na chai isiyo na sukari, na hakuna ambaye angeanguka kwenye kwaya. Ulichokosa ni haki ya kuwapa watu dawa ambayo si hiyo uliyoponea.

Maana si hiyo kabisa. Nilimuuliza daktari mmoja ninayemwamini, na sasa namtaka kila mama mwenye ile programu kwenye simu yake asome hapa polepole. Njaa si tabia mbaya, ni ujumbe. Sehemu kubwa ya ujumbe huo hutengenezwa tumboni, na tumbo likishagawanywa na kufungwa namna ile, sauti yake hupungua, angalau kwa muda. Tena chakula cha Nelima hakikai tumboni, kinafika upesi kwenye utumbo wa mbele, na utumbo huo ukikiona unaituma kongosho kazini, itoe ile insulini inayoshusha sukari. Ndiyo sababu sukari yake ilishuka kabla ya gauni kulegea, na ndiyo sababu daktari, baada ya kupima damu, akamwondolea dawa. Aliyemwondolea ni daktari, si imani yake na si ujasiri wake. Na huo upesi ndio unaomwadhibu akinywa chai ya sukari, maana sukari inaingia utumboni yote kwa pamoja, mwili unashtuka, jasho linatoka.

Anayefunga hana hayo. Tumbo lake ni lile lile, linapiga kelele vile vile, na mwili ukiona chakula hakiji unapunguza moto, kama mama anayeona makaa yanaisha. Ndiyo maana kilo zilizoondoka kwa njaa hurudi na marafiki zao. Na aliye na sukari, huyo yuko kwenye hatari ya pande mbili. Akimeza tembe bila kula, tembe haijui kwamba leo ni mfungo, inashusha sukari tu, inashusha mpaka mtu anasahau ubeti, na ikiendelea anasahau kupumua. Akiacha tembe peke yake, sukari inapanda kimya kimya na kuanza kula macho, figo na miguu. Leonida ameshaonja ya kwanza, na kwa kinywa chako alikuwa anaelekea ya pili.

Sina ugomvi na kufunga. Mimi mwenyewe hufunga, na mama yangu alifunga mpaka uzeeni. Lakini alipougua, mchungaji wake ndiye aliyekuja nyumbani kumwambia ale, na akala mbele yake. Mungu hajawahi kuhitaji figo za mtu.

Wewe Kaptagat huendi kufunga kavu, hiyo nakukataza waziwazi. Tumbo lako halijui kulipia deni la maji. Ukikaa siku tatu bila kunywa utarudi kwenye machela, na hapo ndipo watajua siri yako, tena kutoka kwa daktari wa zamu.

Kabla ya tarehe kumi na tisa utaenda kwa Emmaculate nyumbani kwake, peke yako. Usiende na Lawrence, ataanza kufafanua. Mwambie ukweli, kisha muombe dakika tano kwenye mkutano wa kina mama. Usilete ushuhuda mrefu wa machozi, maana ushuhuda mrefu ndio mahali unapopotelea. Sema: mimi sikufunga, nilipasuliwa tumbo, niliona aibu nikawaacha mwamini vingine, nisameheni, na yeyote mwenye sukari au presha, au aliye na mimba, ale leo na akaone daktari wake kabla ya mfungo wowote. Halafu keti. Watacheka, naam, na Yamumbi itakuwa na la kusema kwa wiki mbili, mpaka mtu mwingine anunue gari. Nakuahidi jambo lingine pia. Watatu au wanne watakufuata mmoja mmoja nyuma ya kanisa, wakinong'ona, wakiuliza jina la yule daktari. Wape jina, lakini wape na hesabu nzima, zile supu, nywele zinazoanguka, damu inayopimwa kila mara, vitamini zisizoisha, na kwamba kilo zinaweza kurudi mtu akizembea.

Lakini wa kwanza ni Leonida, na kwake sikukupa hata siku moja. Ulinong'ona kwenye simu kwamba uko na mteja anayetaka dawa ya kupe, nikakuambia kupe wasubiri. Ukaomba iwe jioni. Nikakuambia jioni ni mbali kwa mtu asiyekula. Nilikutuma uende na karatasi yako ya hospitali, umwonyeshe na makovu, kisha umchukue na pakiti zake zote za tembe mpaka kliniki ya sukari, wampime wao na waseme wao.

Saa nane ukanipigia, uko nje ya kibanda chake cha kushonea. Ulikuwa umefunga mlango na kuinua blauzi, na yeye aliyekupima kiuno mara nne akayaona kwa mara ya kwanza yale makovu matano, maana siku zote ulipimwa ukiwa na shimizi. Ulimweleza yote mpaka ile w. Hakukutukana. Aliuendeleza mshono aliokuwa nao mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi, akakaa na mikono yake juu ya cherehani. Kisha akakuuliza, "Kwa hivyo mimi naweza kula?"

Ukatoka nje kunipigia uniulize umjibu nini. Nikakuambia: Nelima, mtu huyo hajala tangu wiki jana. Rudi ndani, washa jiko.